Reverso au Big Bang? Nisaidieni kuchagua kabla shemeji hajarudi

Mtamba_Pwani: Wakuu, habari za jioni. Shemeji yuko Dubai, anarudi mwisho wa mwezi, kakubali kuniletea saa. Zimebaki mbili kichwani: Jaeger-LeCoultre Reverso na Hublot Big Bang. Moja imetulia, ya kizamani; nyingine ya kisasa, inaonekana toka ng'ambo ya barabara. Nawasilisha.

Kobe_Mzee: Mkuu, umeuliza nusu swali. Bajeti? Mkono mnene au mwembamba? Mpya au ya mtumba? Big Bang zipo za milimita 44, kwenye mkono mwembamba inatangulia saa, wewe unafuata.

BintiBandari: Reverso bila kufikiri. Ilitoka 1931 kwa sababu ya maofisa wa Kiingereza waliocheza polo India. Vioo vilikuwa vinapasuka mchezoni, ndipo likabuniwa kasha linalogeuka: kioo kinalala ndani, mgongo wa chuma unapokea kipigo. Hakuna kitu pale kilichowekwa kwa mbwembwe. Big Bang je?

Chuma_cha_Moto: Dada punguza jazba. Hublot waliweka mkanda wa mpira kwenye saa ya dhahabu tangu 1980, kabla wengine hawajathubutu. Big Bang ya 2005 imeendeleza hapohapo, seramiki na mpira pamoja. Na kwa joto letu hili, mkanda wa ngozi utaanza kunuka jasho mapema sana. Wa mpira unasuuza bombani, unaendelea na safari.

Fundi_wa_Kale: Vijana, ngojeni niwaambie yaliyonikuta. Nilikuwa na Royal Oak ya chuma, ile saa ya Audemars Piguet yenye fremu ya pembe nane na skrubu zinazoonekana nje. Uzuri wote wa saa ile uko kwenye kingo: huku chuma kimepigwa mistari myembamba ya brashi, huku kuna mkato unaong'aa, vinakutana kwenye ukingo mkali. Kioo kikaingia ukungu, nikaipeleka mahali kufanyiwa sevisi, jina naliacha. Jamaa akasema na kuing'arisha ataing'arisha bure. Bure! Ilirudi inameremeta kama sufuria ya dukani. Kaisaga yote, mistari imefutika, zile pembe nane zimelegea, ukipitisha kidole hakikwami popote. Namuuliza, ananijibu, "Mzee, si imekuwa mpya?" Chuma kikishasagwa ndiyo basi. Nilipotaka kuiuza, kila mnunuzi anaigeuza kwenye mwanga, anairudisha mezani, anaanza kuulizia watoto hawajambo. Saa ya duara ya kizamani huvumilia hata fundi wa aina ile. Kwa hiyo kabla ya kuchagua sura, jua kwanza ni nani ataifungua hapa nyumbani.

Mtamba_Pwani: Pole sana mzee wangu. Mkono wangu wa kawaida tu.

Kobe_Mzee: "Kawaida" ni sentimita ngapi? Na bajeti bado hujasema!

Mswahili_Muscat: Kaka, kama wewe ni Muislamu mwambie shemeji asilete ya dhahabu. Chuma, titani, platini, ruksa.

Chuma_cha_Moto: Na dhahabu nyeupe?

Mswahili_Muscat: Ni dhahabu ileile, imechanganywa na madini mengine ikapoteza rangi. Hukumu haibadiliki.

BintiBandari: Jamani, mada ni muundo.

Mswahili_Muscat: Haya, muundo. Huku Oman saa inayogombewa ni ile yenye nembo ya jambia usoni, zile alizokuwa akiagiza Sultani Qaboos kwa ajili ya zawadi. Rolex ileile, ikiwa na jambia, bei inapaa. Hakuna anayeuliza kama ni ya kisasa.

Kobe_Mzee: Halafu mzee kaiweka Royal Oak upande wa kisasa. Mbunifu wa saa Gérald Genta kaichora, ikatoka 1972, ina wajukuu! Na skrubu za nje si zake peke yake, Cartier Santos inazo, na asili yake ni 1904. Usasa hauhesabiwi kwa mwaka.

BintiBandari: Usasa ni kutoboa uso wote mpaka mashine ionekane, halafu unazitafuta akrabu huzioni. Mtu anakuuliza saa ngapi, unatoa simu.

Chuma_cha_Moto: Na Reverso je, ukiwa umeigeuza?

BintiBandari: 😂 Hapo umenipata.

Mtamba_Pwani: Nimeongea na shemeji. Anasema hela niliyotuma labda ipate Reverso ya mtumba, Big Bang mpya nisahau.

Kobe_Mzee: Si nilisema mimi? Ya mtumba iwe na karatasi zake, na shemeji aigeuze kasha mara kadhaa aone kama linalegea.

Chuma_cha_Moto: Subiri uongeze hela, usikubali kushinikizwa. Halafu wadau, nani anamjua muuza mikanda ya mpira Kariakoo asiyebandika bei ya Ulaya?