Filamu ipi ya Godzilla ya kuonyesha kwenye banda la video Mwanjelwa, Mbeya?

Swali: Wakuu, Jumamosi bandani nianze na Godzilla Minus One au Godzilla x Kong?

Jibu: Minus One (2023), bila kupepesa macho. Zimwi lenyewe, Godzilla, linatisha kwa kuwa halionekani kila dakika. Tazama miiba ya mgongo inavyochomoza mmoja mmoja kuanzia mkiani, ndipo liteme moto. Ilibeba Oscar ya madoido ya picha 2024.

Jibu: Ila ni Kijapani. Faili la maandishi ya tafsiri lipe jina lilelile la filamu, folda moja, la sivyo huenda yasitokee yenyewe. Yakichelewa kwenye VLC (programu ya kuchezea video) bonyeza G, yakitangulia, H.

Jibu: Watoto wa Mwanjelwa wasome maandishi? Thubutu! Mchana weka Kong: hadithi nyepesi, ngumi za kutosha.

Muuliza swali: Poa, Minus One usiku basi.