Mashine 40 inaguna ikivuta mashua: nibadilishe propela au ninunue 60?

Mvuvi wa Tumbe
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina boti ya faiba, futi 23, na Yamaha 40 (nguvu za farasi 40) ile ya kuchanganya petroli na oili. Kazi yake kubwa ni kuvuta mashua ya dagaa: jioni naipeleka na nyavu na taa zake, alfajiri nairudisha Tumbe imejaa. Boti ikiwa peke yake inaruka juu ya maji vizuri sana. Nikishafunga kamba tu, mashine inaguna; natia mafuta yote, sauti haipandi, moshi mzito unabaki nyuma. Msimu wa kusi, mkondo ukiwa usoni, tunafika sokoni wanunuzi wameshaondoka na dagaa wameanza kupasuka matumbo. Inaniuma, maana watu wamekesha kwa ajili ya dagaa hao.

Propela ni ya alumini, mapanga matatu, imepigwa chapa 11¼ x 14. Fundi mmoja ananambia dawa ni 60. Mimi naona mashine haina kosa, imebebeshwa propela isiyo yake. Hiyo 14 niishushe mpaka 11? Na siku nisiyovuta, haitazunguka kupita kiasi?

Kijana wa Wete
Nunua 60 kaka, umalize. Nguvu haina mbadala.

Fundi Mkokotoni
Waalaykum salaam. 60 iache kwanza, itakunywesha petroli bure. Tizama hiyo 14: ndiyo pichi, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja lau maji yangekuwa magumu kama ubao. Chukua gia inayopunguza mara mbili. Mashine ikipiga mizunguko 5000 kwa dakika, propela inapiga 2500, na kwa inchi 14 hesabu inatoa karibu noti 29, yaani maili 29 za baharini kwa saa. Wewe na mashua nyuma unakwenda 5 au 6! Panga linayavuruga maji badala ya kuyasukuma, mashine inabanwa, haifiki kwenye mizunguko ambako nguvu yake ipo. Ikibanwa hivyo huna 40 hata kidogo, una moshi na masizi kwenye pistoni.

Kila inchi ya pichi unayoshusha huongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Tafuta 11⅝ x 11. Namba ya mwanzo ni upana wa propela: hii ni pana zaidi, na upana ndio unaovuta. Siku ya kwenda peke yako usifungue mafuta yote, kikomo cha mizunguko kimeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Au rudisha ile 14: ni pini na nati tu, boti ikiwa imekaa mchangani maji yametoka.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha mpira wa ndani ya propela hautelezi. Piga mstari mmoja wa rangi kutoka bomba la kati mpaka kwenye mwili wa propela, kisha kavute. Ukirudi mistari imeachana, mpira umekwisha. Na lile bamba lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti. Likiwa juu sana, propela inavuta hewa.

Abuu wa Kisauni
Mimi nimesomea ndege, na kanuni ni hiyo hiyo. Ndege inayovuta glaida, yaani ndege isiyo na injini, hupanda polepole, noti 60 na kitu, injini imefunguliwa yote. Piper Pawnee, iliyoundwa kunyunyizia dawa mashambani, hufungwa propela ya pichi ndogo kwa kazi hiyo. Haikimbii sana ikiwa peke yake, lakini glaida inapanda. Hawakubadilisha injini.

Mvuvi wa Tumbe
Allah awalipe kheri. Mstari wa rangi naupiga leo leo. Kuna jamaa Micheweni ana 11, nitamuazima giza hili la mwezi. Ya mapanga manne je?

Fundi Mkokotoni
Manne hushika maji vizuri zaidi kwenye kuvuta, ila ni ghali na kuipata kwetu shida. Anza na hiyo ya kuazima. Funga mita ya mizunguko, vuta mashua ile ile kwa kamba ile ile, mara na 14 mara na 11, utuletee namba hapa.