Madoa meupe kwenye negativu za rangi baada ya kukauka

mkanda_tanga:
Habari zenu wakuu. Nasafisha filamu za rangi nyumbani kwa kemikali za pakiti za C-41 (utaratibu wa kusafisha negativu za rangi), developa, yaani dawa ya kutokeza picha, naipasha mpaka nyuzi 38 na rangi zinatoka vizuri tu, tatizo liko kwenye kukausha. Nikishaining'iniza bafuni ikikauka naikuta na vidoa vya duara vyenye ukingo mweupe na michirizi inayoshuka chini, kwenye skani vinaonekana sana hasa sehemu za anga. Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi, birika la hapa nyumbani lina ukoko mweupe ndani. Nimefuta na kitambaa cha miwani vingine vimetoka vingine vimegoma. Kuna filamu ina harusi ya mdogo wangu sitaki iharibike, naombeni msaada.

kemikali_na_mwanga:
Pole mkuu, kwanza acha kufuta. Inamisha negativu dirishani uone doa liko upande gani. Yale maandishi na namba za pembeni yakisomeka sawasawa basi mgongo ndo unakutazama, ule unaong'aa, yakisomeka kinyume uko upande wa picha. Doa la mgongoni halina shida, lipulizie pumzi ya mdomo ufute taratibu na maikrofaiba safi, likigoma tumia aisopropili ya asilimia 99 kidogo tu. Spiriti ya kusafishia vidonda hapana, ina maji ndani na nyingine zina mafuta, utaongeza doa juu ya doa.
Upande wa picha usisugue kabisa, ile ni jelatini, inachubuka na picha inaondoka nayo. Hapo dawa ni kuirudisha majini. Halafu niambie, stebilaiza, ile dawa ya mwisho ya kutunza filamu, unakoroga na maji gani?

mkanda_tanga:
Hayo hayo ya kisima. Ina shida?

kemikali_na_mwanga:
Ndo chanzo chenyewe hicho. Kuosha baada ya bliksi (dawa inayoondoa fedha kwenye filamu) unaweza kutumia maji ya kisima kama ni masafi, lakini stebilaiza ndo ya mwisho, baada yake husuuzi tena, kwa hiyo chochote kilichomo kwenye yale maji kinakaukia kwenye filamu, tone linapungua linapungua chokaa inabaki pembeni, ndo ule ukingo unaouona. Koroga mpya na maji yasiyo na madini. Hiyo ya harusi irudishe kwenye spulu, ile ya kuzungushia filamu ndani ya tangi, iloweke kwenye maji hayo hayo yasiyo na madini ya uvuguvugu kama dakika kumi, badilisha maji mara moja, kisha dakika moja kwenye stebilaiza mpya, ining'inize na kibanio chini na usiiguse mpaka ikauke.

fundi_picha_kmk:
Niongezee. Maji yasiyo na madini ni yale ya betri ya gari, yanauzwa sheli, ila soma lebo vizuri sana maana asidi ya betri inakaa shelfu hiyohiyo na madumu yanafanana, ile itakuunguza wewe na filamu. Na stebilaiza imwage kwenye bakuli, toa filamu kwenye spulu ndo uichovye, stebilaiza ikizoea kukaukia kwenye spulu ya plastiki inaacha utando na siku nyingine filamu inakwama katikati ya kuiingiza.

pwani35:
Mi natumia tone la sabuni ya vyombo mwishoni, maji yanateleza yote, stebilaiza ya nini?

kemikali_na_mwanga:
Mkuu sabuni ya vyombo ina manukato na rangi, vyote vinabaki kwenye filamu. Hata Photo-Flo yenyewe, dawa maalumu ya kusuuzia filamu mwishoni, sehemu 1 kwa 200 za maji, inasaidia maji kuteleza tu, haizuii ukungu wala bakteria, na kwa unyevu wa pwani hiyo jelatini ni chakula chao. Filamu za zamani ndo zaidi, bila stebilaiza yenye fomalini rangi yake inafifia.

fundi_picha_kmk:
Na kama skana yako ina infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) iwashe. Rangi za C-41 zinapitisha infraredi lakini vumbi na doa haviipitishi, programu inaviona na kuvifuta yenyewe. Kwa nyeusi na nyeupe ya kawaida haifai, picha yake ni chembe za madini ya fedha na zinaizuia infraredi.

mkanda_tanga:
Wakuu asanteni sana. Nimeloweka ile ya harusi na maji ya betri, madoa ya upande wa picha yametoka yote isipokuwa kimoja kwenye shela la bi harusi, hicho namwachia skana.