Usingizi mzito: shahidi yuko wapi?

Mdadisi, Tabora: Wakuu, Advaita, falsafa ya Kihindu ya kutokuwepo uwili, inasema nafsi haibadiliki ukiwa macho, ukiota, hata ukilala fofofo. Usingizini sijui lolote. Nani anashuhudia?

Mzee wa Ujiji: Anza na Mandukya Upanishad, andiko la kale la Kihindu lenye aya 12 tu. Aliye macho ni vaishvanara, mwota ndoto taijasa, mlala fofofo prajna. Turiya, "ya nne", ni fahamu yenyewe inayoshuhudia hizo tatu, si hali nyingine ya kuingia na kutoka. Wengi hukwama hapo. Ukiamka husema "nimelala vizuri, sikujua kitu". Huwezi kukumbuka kisichoshuhudiwa.

Mpinzani, Kigoma: Taratibu, mkuu. Wanyaya, wafuasi wa falsafa ya mantiki ya Kihindu, wanasema hukumbuki, unakisia tu baada ya kuamka.

Mzee wa Ujiji: Hoja nzito hiyo. Advaita hujibu: kukisia kunahitaji dalili iliyowahi kuonekana pamoja na huko kutojua. Kama hakuna shahidi, nani aliviona pamoja?