Mjadala: Kaboni ya ardhi ya jamii isiyo na hati iuzwe?

Mleta mada
Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Biliqo Bulesa imo ndani ya ule mradi mkubwa wa kaboni wa nyanda za malisho Kaskazini mwa Kenya, ambao kampuni kama Netflix na Meta zimenunua kaboni yake, yaani zinalipia hewa ukaa inayohifadhiwa na udongo ili kufidia uchafuzi wao.

Hoja yangu ni kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa isiguswe na mkataba wowote wa kaboni. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inadai theluthi mbili ya watu wazima wakubali mkutanoni kabla ya makubaliano na mwekezaji. Lakini ili theluthi mbili ihesabike, lazima kwanza ijulikane jamii ni akina nani. Pasipo usajili, kaunti ndiyo mdhamini, yaani inaishika ardhi kwa niaba ya jamii, na mwananchi anaitwa kwenye semina, anakunywa chai, anasaini karatasi ya mahudhurio, halafu karatasi hiyo inageuzwa kuwa ridhaa. Tangu sheria ya tabianchi irekebishwe 2023, watu wanashangilia asilimia 40 ya mapato kwenda kwa jamii. Nami naifurahia, ila mgao unakuja baada ya uamuzi. Uamuzi ulifanywa na nani?

Mchangiaji, Merti (Isiolo)
Nakubali nusu. Mradi ule umejengwa juu ya dai kwamba mifugo ikichungwa kwa mpango, udongo utahifadhi kaboni zaidi, kana kwamba zamani tulichunga ovyo. Sisi Waborana tuna dedha, utaratibu wetu wa jadi wa kusimamia malisho. Wazee wa dedha ndio wanaosema mvua ikinyesha mifugo ikae wapi, kiangazi ishuke mto Waso lini, na malisho gani yafungwe yawe akiba ya ukame. Mgeni mwenye mifugo hubisha hodi kwao kwanza. Leo mpango unachorwa ofisini, mzee analetewa taarifa tu.

Lakini hiyo hati unayoipigania itafuata mipaka ya nani? Ukame ukikaza sisi huvuka kwenda Wajir na Marsabit, na wao huja kwetu. Ukipiga mstari usiovukika, umeua dedha kabla kaboni haijafika.

Mchangiaji, Nairobi
Mleta mada, nakuheshimu ila nakupinga. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Usajili wa ardhi ya jamii unakwenda mwendo wa kinyonga. Ukisema hati kwanza, unamwambia mzazi aliyebaki na mbuzi wanne asubiri karo ya mwanawe mpaka mpimaji wa serikali afike. Mkataba mbaya unaweza kurekebishwa, njaa haingoji.

Mchangiaji, Kwale
Njooni Gazi muone. Mikoko ni msitu wa serikali, sisi hatuna hati nayo, na mradi wetu wa Mikoko Pamoja unauza kaboni tangu miaka kumi na ushee iliyopita. Ni hekta 117 tu. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni hukaa wakaamua pesa iende wapi: maji, vitabu vya shule. Pia ilipandwa mivinje ili watu wapate kuni na miti ya kujengea bila kuingia mikokoni. Msituambie bila hati hakuna haki.

Mchangiaji, Arusha
Kwetu Tanzania pande zote mbili zipo. Bonde la Yaeda, Wahadzabe walipata hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011, na mradi wa kaboni ukasimama juu ya hati hiyo. Mgeni akija anajua anaongea na mwenye mali. Longido na Monduli wafugaji wameletewa mikataba ya miaka 40. Anayesaini leo anamfunga mjukuu wake.

Mleta mada
Ndugu wa Kwale, umenilazimisha kuwa makini zaidi. Gazi hawana hati, kweli, lakini chama chao cha msitu kina makubaliano ya kisheria na Huduma ya Misitu. Wanatajwa kwa jina kwenye karatasi na wanaweza kudai. Basi nisiseme hati tu. Niseme haki iliyoandikwa, ambayo jamii inaweza kwenda nayo mahakamani.

Wa Merti, hapo umegusa penyewe. Usajili uandike na haki ya kupita na ya kulisha kwa jirani, na dedha itambuliwe kuwa ndiyo yenye sauti juu ya malisho.

Wa Nairobi, njaa naijua, na ndiyo maana sikubali. Mwenye njaa ndiye anayesaini chochote. Na mkataba mbaya haurekebishwi kirahisi hivyo: wale wa Isiolo walikwenda mahakamani 2021, uamuzi ukatoka 2025, na muda wote huo kaboni iliyokwisha kuuzwa haikurudi. Kama ni karo, fedha za dharura ya ukame zipelekwe bila kumdai mtu ardhi yake.

Walioko kwenye maeneo ya miradi watujibu: nakala ya mkataba anayo nani kijijini, na imeandikwa kwa lugha gani?