Naomba ushauri: nyumba ndogo juu ya trela, kuta za mbao au mabati?

Mtoto wa Kisauni
Assalam aleikum wanajamvi. Nataka kujenga nyumba ndogo juu ya trela hapa Kisauni, Mombasa, futi 20 kwa 8: chumba kimoja, jiko dogo la pembeni, choo, na kibaraza cha kukunja. Swali langu ni moja tu, kuta nipige mbao za saiprasi au mabati? Joto letu mnalijua na chumvi ya bahari mnaijua. Nataka niezeke kabla ya masika. Usingizi sipati, nalala na kalamu na daftari la hesabu.

Fundi wa Jomvu
Waaleikum salaam. Kuta baadaye. Hiyo trela ina eksli ngapi, na kila moja yabeba kilo ngapi? Nyumba ya urefu huo ikishaingia kitanda, tangi la maji na vyombo inafika tani 3 na nusu, hata 4 na zaidi. Na uzito usiulundike nyuma. Asilimia 10 hadi 15 ikalie mbele, pale inaposhikana na gari, la sivyo itayumba barabarani kama mkia wa papa.

Binti Miritini
Mabati usijaribu, kakangu. Mimi nimekaa miaka 2 ndani ya kontena la futi 20, yale yenye upana wa mita 2.44. Mchana ukiegemea ukuta unaruka. Usiku wa Februari tulikuwa tunatoa godoro nje, mtoto namlaza kwa kanga iliyoloweshwa maji. Tulipotoboa madirisha mawili yanayotazamana, upepo wa kaskazi ukaingia upande huu ukatokea ule, ndipo tukapata kulala. Madirisha kwanza, kuta baadaye.

Mzee Kibarani
Kijana, nunua kiwanja ujenge kwa mawe. Nyumba ni msingi. Hiyo yenye magurudumu ni gari.

Mtoto wa Kisauni
Shikamoo mzee. Marehemu baba alijenga mwaka 1984, boriti, udongo na makuti, baadaye tukaweka mabati. Nyumba yetu, ardhi ya mtu. Kila mwezi alipeleka kodi ya ardhi na risiti zote mama anazo kwenye kopo la maziwa. Mwenye ardhi amefariki, warithi wameuza, tumeletewa notisi. Miaka 40 ya kodi na tunachoweza kuondoka nacho ni milango. Nimeapa sijengi tena kitu nisichoweza kukivuta.

Mzee Kibarani
Marahaba. Pole sana, mwanangu. Sikujua ni nyumba bila ardhi.

Wa Mahakamani
Notisi ni ya maandishi? Sheria ya Ardhi ilivyorekebishwa 2016 inataka notisi ya kuwaondoa watu kwenye ardhi ya mtu binafsi isipungue miezi 3, na aliyepewa anaweza kwenda mahakamani kuomba nafuu. Zile risiti zitoe kopi leo. Kopo laingia maji.

Fundi wa Jomvu
Sijajibiwa. Trela ina namba?

Mtoto wa Kisauni
Trela ipo tayari, eksli mbili, springi nzima. Kutu kidogo pembeni, nitapiga brashi ya waya na redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu.

Fundi wa Jomvu
Sijauliza kutu. Trela Kenya husajiliwa peke yake, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na hupewa namba yake inayoanza na Z. Logibuku, ile hati ya usajili, unayo?

Mtoto wa Kisauni
Hapana. Nilinunua kwenye yadi, 210,000 taslimu. Pale pa namba ya chasisi pamesuguliwa kwa grainda, panang'aa. Lakini jamani, itavutwa mara moja tu, usiku, mpaka Mtwapa kwa mjomba. Hata Jay Shafer kule Marekani, mwaka 1999, aliweka nyumba yake juu ya magurudumu kwa sababu sheria za ujenzi hazikukubali nyumba ndogo vile. Kila mtu hutafuta upenyo wake.

Binti Miritini
Kaka, yule alikwepa kipimo cha nyumba. Wewe unabeba chuma ambacho huenda kimeibwa, na juu yake unamlaza mama yako.

Kusi Halali
Mimi nasema huu uzi ni wa kutunga. Baba, mama, kopo la risiti, trela ya wizi, vyote kwa mpigo? Tumeona video za Wamarekani. Uchochoro gani wa Kisauni utapitisha futi 8?

Mtoto wa Kisauni
Tulipima Jumapili. Kutoka ukuta wa duka la kona hadi nguzo ya stima ni futi 9 na inchi 4. Mama ndiye aliyeshika upande wa pili wa kamba, na magoti yake yale, akaniuliza, "Na mimi humo nitapandaje?" Nikamwambia nitamjengea ngazi tatu fupi zenye kishikio. Andika unavyotaka.

Kusi Halali
Samahani, ndugu. Hilo la kamba halitungwi.

Fundi wa Jomvu
Sikiliza. Namba iliyosuguliwa haipakwi rangi ikapona. Ukisimamishwa njiani, trela na nyumba vyote vinabaki kituoni, na mama anabaki nje. Rudi yadi na mtu mzima wa kushuhudia, udai logibuku au pesa zako. Wakikataa, nenda polisi mwenyewe uripoti kabla hujafuatwa. Chasisi mpya nitakuchomelea kwa bei ya chuma, tuipeleke ikakaguliwe isajiliwe. Hiyo ya sasa usijenge kitu juu yake.

Mtoto wa Kisauni
Sakafu nimeshaiweka. Mbao zote za chini, wiki iliyopita. Sikutaka kusema.

Fundi wa Jomvu
Misumari au skrubu?

Mtoto wa Kisauni
Skrubu.

Fundi wa Jomvu
Basi inafunguka. Kesho baada ya alasiri nitakuja na drili. Mjomba wa Mtwapa naye aje, twende yadi pamoja.