Naomba ushauri: nadharia ipi ya uhalifu inafaa magomvi ya mastaa mitandaoni?

Mtoro wa Darasa: Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaandika tasnifu kuhusu magomvi ya wasanii mitandaoni na nimekwama. Msimamizi anataka nichague kati ya Cohen na Felson wa 1979, wanaosema kosa hutokea pale mwenye nia anapokutana na windo lisilo na mlinzi, na Becker wa 1963, anayesema mkosaji hufanywa na jina analobandikwa. Mfano wangu wa mbali ni marapa Drake na Kendrick Lamar, 2024; wa karibu ni waimbaji wawili wa harusi hapa Lamu. Zimebaki siku tisa.

Nahodha Mstaafu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Wakati wa Vita vya Kuduhu washairi wa Lamu na Mombasa walirushiana tungo kali kuliko hizo, na hakuna aliyehitaji nadharia. Babu yangu alizihifadhi kwa moyo. Mimi nimebakiwa na beti mbili.

Bint Mkomani: Drake hakumshtaki Kendrick. Januari 2025 aliishtaki Universal Music Group, kampuni inayosambaza muziki wa wote wawili, na Oktoba jaji akaitupa kesi. Kwa hiyo nakuuliza, kaka: huko kwenu msambazaji alikuwa nani?

Mtoro wa Darasa: Akaunti ilikuwa yangu. Nilikata video tu, sekunde kumi na moja: yule bibi anashuka kwenye teksi mtaani Langoni, anakohoa, kipaza sauti kinamponyoka. Nikaandika chini yake, "Sauti imekwisha." Waliotukana ni watu wengine. Isitoshe, wote wawili walipata mialiko zaidi, wanaonilaumu ndio waliosambaza, na mwimbaji wa pili ni binti wa shangazi yangu, ningemwachaje?

Bint Mkomani: Achana na Becker. Sykes na Matza walitaja mwaka 1957 njia tano za mkosaji kujitakasa, nawe umetumia nne kwa pumzi moja: kukana wajibu, kukana madhara, kuwageuzia kibao wanaokulaumu, na kusingizia udugu. Imebaki kusema kwamba bibi alistahili.

Karani: Pamoja na nadharia, soma kifungu cha 27, cha unyanyasaji mtandaoni, katika sheria ya Kenya ya uhalifu wa mitandao ya 2018. Faini hufika shilingi milioni 20, kifungo miaka 10.

Punda wa Langoni: Subirini, jamani. Teksi Langoni? Kichochoroni kwetu punda wawili wenye mizigo hawapishani. Hadithi hii imetungwa.

Mtoro wa Darasa: Nilibadilisha mji ili nimsitiri. Ilikuwa Malindi.

Mwana Barani: Kama ni Malindi, aliyekohoa ni mama yangu mdogo. Tangu video hiyo hajaitwa hata kwenye harusi moja, na kipaza sauti chake kimo sandukuni, kimefungwa kwa leso.

Mtoro wa Darasa: Pole sana, ndugu yangu. Je, atakubali kuhojiwa kwa ajili ya sura ya nne?